Mara yangu ya kwanza kwenye kongamano la wanamazingaombwe, Blackpool

Mwana wa Ngamiani (mleta uzi)

Wanajamvi, natanguliza salamu. Februari mwaka huu nilihudhuria kongamano la wanamazingaombwe kwa mara ya kwanza maishani, na kwa kuwa wapo wenzetu kadhaa humu walioniuliza faraghani kama safari ya namna hiyo ina faida kwa mtu asiyejulikana, nimeona ni vyema niyaandike yote mahali pamoja ili kila mwenye hamu asome na aulize.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Leicester, na huu ni mwaka wa tisa tangu nianze kufanya mazingaombwe kwenye harusi na sherehe za watoto mwishoni mwa juma. Miaka yote hiyo nimejifunza peke yangu, kwa vitabu, kwa video na kwa kusimama mbele ya kioo cha kabati. Sikuwahi kukaa meza moja na mtu anayefanya kazi hii, wala sikuwahi kumwonyesha mchezo wangu mtu anayeweza kuuona kwa jicho la fundi. Hilo ndilo lililonipeleka Blackpool.

Kwa wasioufahamu mji huo, Blackpool uko kaskazini-magharibi mwa Uingereza, umetazamana na Bahari ya Ireland, na huishi kwa wageni wa kiangazi. Kila Februari, wakati ufuo hauna mtu na upepo unakata masikio, klabu ya wanamazingaombwe ya mji huo huandaa kongamano la siku tatu, kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, ndani ya Winter Gardens. Jumba hilo lilifunguliwa mwaka 1878 na limeongezwa kumbi baada ya kumbi hata likawa kama mtaa mzima uliofunikwa paa: kuna ukumbi wa maonyesho wa Opera House wenye viti takribani 2,800, kuna ukumbi wa dansi wa Empress wenye sakafu ya mbao na dari ya nakshi, na kuna korido ndefu zinazoviunganisha vyote. Wanaohudhuria huzidi 3,000, nao hutoka nchi nyingi sana, na ndiyo sababu wengi hulitaja kuwa kongamano kubwa kuliko yote ya fani hii duniani. Nilipovaa beji shingoni na kuingia, nilikuta watu wamesimama wawiliwawili kila kona, kila mmoja ana karata mkononi, na hakuna aliyewashangaa. Nilijisikia nimefika kwa ndugu.

Mgeni hana budi kujua kwamba mambo huenda sambamba. Saa ileile kuna mhadhara katika ukumbi mmoja, mashindano katika mwingine, wauzaji wako wazi kutwa nzima, na jioni kuna onyesho kubwa jukwaani. Siku ya kwanza nilitaka nione kila kitu, nikawa naondoka kila mhadhara kabla haujaisha ili niwahi mwingine, na usiku nilipofungua daftari nikakuta nina vichwa vya habari sita na hakuna somo hata moja. Siku ya pili nilichagua mihadhara miwili tu na kukaa mpaka mwisho.

Niseme kidogo mhadhara wenyewe ulivyo, maana wengi hudhani ni hotuba. Mtoa mhadhara kwanza hufanya michezo yake kama anavyoifanya mbele ya watu waliolipa. Ukishangaa umeshangaa. Kisha huanza kuifumua, mmoja baada ya mwingine: kwa nini anasimama upande huu, kwa nini anauliza swali pale ambapo hahitaji jibu, kwa nini aliacha mbinu ngumu aliyoitumia miaka kumi akarudi kwenye nyepesi. Mhadhara mmoja niliohudhuria ulichukua takribani robo saa kueleza namna ya kumwomba mtazamaji achague karata bila kumtia wasiwasi. Robo saa nzima kwa jambo ambalo mimi nilikuwa nikilifanya kwa neno moja, "Chagua." Nimebadilisha sentensi zangu zote za kumkaribisha mtazamaji tangu siku ile.

Ukumbi wa wauzaji nitaupita haraka. Wako zaidi ya mia moja, kila mmoja na meza yake, na kila mmoja ni hodari wa kuonyesha bidhaa yake. Hapo ndipo nilipopoteza pauni 45 kwa kifaa kilichofanya maajabu mikononi mwa muuzaji, lakini nilipofika nacho chumbani nikagundua kwamba hufanya kazi tu ikiwa taa inatoka upande mmoja na mtazamaji amesimama mahali pamoja. Kwenye harusi ya watu mia tatu waliokuzunguka pande zote hakifai kitu. Ushauri wangu ni huu: usinunue siku ya kwanza, omba kifaa ukishike mwenyewe, na zunguka meza ili ukitazame kutoka mahali ambapo watazamaji wako husimama. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia, na nilikutana nao wengi.

Sasa nifike kwenye kiini cha uzi huu. Maonyesho ya jioni yakiisha, watu hawaendi kulala. Hujaa kwenye sebule za hoteli zilizo jirani na jumba, huvuta viti, hutandika vile vizulia vidogo vya mezani, na hukaa hadi karibu na alfajiri wakionyeshana. Usiku wa Jumamosi, yapata saa tano na nusu, nilisimama karibu na meza moja walipokuwa watu watano. Mzee wa miaka sabini hivi, mikono ya shati ameikunja hadi viwikoni, aliweka sarafu ya senti hamsini katikati ya kiganja chake, akaifumba ngumi polepole, akaifumbua. Hamna kitu. Nilikuwa umbali wa shubiri mbili na sikupepesa. Nilimwomba arudie, hakurudia, bali alinisogezea kiti kwa mguu na kuniuliza nina nini.

Nilikuwa na karata, kama kila mtu mle, lakini nikaona aibu kuzitoa mbele ya watu wale. Nikatoa kipande cha kanga. Wanaonifahamu wanajua mchezo huo: ni utepe nilioukata kwenye pindo lenye jina la kanga, WEMA HAUOZI, nami huukata kwa mkasi katikati ya maneno mawili, vipande vikaonekana, kisha huvikunja, huvifungua, na jina likasomeka zima. Niliwaeleza kwanza maana ya maneno na kwamba mama zetu huyachagua kabla ya kuchagua rangi, nikakata, nikakunja, nikafungua. Meza ilitulia kidogo, kisha wakapiga makofi, na mmoja akaomba aushike utepe asome yale maneno kwa sauti.

Yule mzee hakupiga makofi. Alisubiri wenzake warudi kwenye mazungumzo yao, akaniinamia na kuniambia kwamba bega langu la kulia hupanda kidogo kabla ya tendo la siri. Hakuniuliza siri yangu wala hakuniambia kama anaijua. Alinitaka niukunje utepe kweli, bila hila yoyote, mara ishirini, na kila mara niangalie bega langu linafanya nini. Nikaukunja pale mezani mara ishirini huku akihesabu. Kisha akasema nifanye kwa hila, na bega lifanye vilevile. Ilipogonga saa nane za usiku bado lilikuwa linapanda, lakini nilikuwa nimeanza kulihisi. Miaka tisa nimefanya mchezo ule nikidhani umekamilika.

Wanajamvi, siri zimejaa tele kwenye meza za wauzaji, hata kwa pauni kumi utapata. Jicho la fundi juu ya mkono wako hulipati kwa fedha wala hulipati kwenye video, na kwa maoni yangu hilo peke yake lilitosha kulipia nauli, chumba na tiketi. Karibuni kwa maswali.

Binti wa Kisauni

Kaka, asante kwa uzi huu, nimeusoma mara mbili. Nami hufanya viinimacho vya kamba na pete hapa Mombasa kwenye sherehe za akina mama. Naomba unieleze kwa ukweli: wanawake walikuwepo, au ni kikao cha wanaume?

Mwana wa Ngamiani

Dada yangu, walikuwepo, kwa hesabu ya macho yangu ni wachache kuliko wanaume, lakini walikuwa jukwaani, kwenye mihadhara na kwenye meza za usiku. Mlango huo haukufunguka wenyewe. Chama mashuhuri cha London, Magic Circle, kilichoanzishwa mwaka 1905, hakikupokea wanawake hadi mwaka 1991. Kabla ya hapo Jenny Winstanley, mwanamazingaombwe aliyechoshwa na katazo lile, alipanga jambo pamoja na mwenzake Sophie Lloyd. Sophie alijigeuza kijana wa kiume aitwaye Raymond Lloyd, na kwa sura hiyo alifanya mtihani mbele ya wachunguzi wa chama na kufaulu Machi mwaka huohuo. Oktoba, chama kilipotangaza kuwakubali wanawake, wawili hao walijitokeza na kueleza ukweli, na Sophie akafukuzwa. Alirudishiwa uanachama wake mwaka 2025, baada ya miaka zaidi ya 30. Jenny alikuwa amefariki mwaka 2004 na hakuiona siku hiyo. Mimi nikiifikiria kazi ile, kumdanganya mchunguzi aliyekaa mbele yako kwa mikono na pia kwa nafsi nzima, naona ni mchezo mkubwa kuliko yote iliyowahi kufanywa mbele ya chama kile, na inaniuma kwamba aliyeubuni hakuishi kupewa heshima yake.

Pete zako nenda nazo. Mle ndani karata zimezidi, na mtu mwenye kitu tofauti hupata nafasi mezani upesi.

Ustadhi wa Makunduchi

Ndugu mleta uzi, nakushukuru kwa maelezo. Huku kwetu mtu akisikia mazingaombwe hukumbuka uchawi, na wapo wanaojipatia riziki kwa kuwahadaa wagonjwa kwa hila hizihizi. Je, wenzako huko wanalitazamaje jambo hilo?

Mwana wa Ngamiani

Sheikh, hoja yako ni nzito na ninaibeba kila ninaposimama mbele ya watu. Mimi huanza kila onyesho kwa kusema wazi kwamba nitakayofanya ni wepesi wa mikono na mazoezi, hakuna jini wala dawa. Na katika fani hii kuna mila ya zamani ya kuwafichua matapeli. Harry Houdini, aliyekuwa rais wa chama cha Marekani, Society of American Magicians, kuanzia mwaka 1917 hadi alipofariki mwaka 1926, alitumia miaka yake ya mwisho kuwaumbua waliodai kuzungumza na roho za wafu na kuwatoza fedha waliofiwa. Aliwajua kwa sababu mbinu zao zilikuwa mbinu za jukwaani. Meza niliyokaa usiku ule walizungumza habari hiyo kwa hasira hasa: msimamo wao ni kwamba anayetumia ufundi huu kumhadaa mgonjwa ameiba.

Mtu wa Ilala

Mkuu, umetaja mashindano ukayapita. Mimi hufanya karata na ndoto yangu ni kushindana siku moja. Pia nieleze, je, mafundi wenyewe hushangaa kweli, au hukaa tu wakisema "naijua hiyo"?

Mwana wa Ngamiani

Nianze na la pili. Neno "naijua hiyo" ndilo neno baya kuliko yote unayoweza kutamka mle, hata kama ni kweli. Mtu akikuonyesha kitu, mtazame hadi mwisho, mshukuru, na ukitaka kujua uliza kama yuko tayari kueleza, akikataa, usisisitize. Usimrekodi bila idhini. Usimfanyie mtu mchezo alioubuni yeye mwenyewe. Na ndiyo, hushangaa, tena hutafuta kushangaa. Mwaka 1922, kwenye karamu ya wanamazingaombwe jijini Chicago iliyoandaliwa kwa heshima ya Houdini huyohuyo, kijana wa Kanada aitwaye Dai Vernon alimwonyesha mchezo wa karata. Houdini alikuwa akijigamba kwamba hakuna mchezo atakaouona mara tatu asiutambue. Vernon alimtaka aandike herufi za jina lake kwenye karata, akaiweka chini ya ile ya juu waziwazi, kisha akafunua ya juu: ni ileile yenye herufi. Akarudia mara nyingi kupita zile tatu, na Houdini hakuitambua njia. Vernon alibeba sifa ya kuwa mtu aliyemshinda Houdini hadi alipofariki mwaka 1992, naye amekuwa mwalimu wa walimu wetu wa karata.

Kuhusu kushindana: ngazi ya juu ni mashindano ya dunia ya shirikisho liitwalo FISM, lililoanzishwa mwaka 1948, ambayo kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka mitatu; ya mwaka 2018 yalikuwa Busan, ya 2022 Québec, ya 2025 Torino. Afrika nayo ina mchujo wake. Kipengele chako ni cha karata, ndani ya kundi la michezo ya karibu, yaani ile ya mezani mbele ya macho ya watazamaji, na onyesho lazima liwe la dakika 5 hadi 10. Ukivuka muda umetoka, kwa hiyo fanya mazoezi yako ukiwa na saa.

Na nikupe kisa cha kukutia moyo. Lennart Green, daktari wa Uswidi, alishindana The Hague mwaka 1988. Mtindo wake ni wa kuonekana mzembe: karata zinaanguka, zinatawanyika, anazikusanya kama mtu anayefagia, kisha zinatoka hasa zile alizozitaka. Waamuzi hawakuamini, walidhani watu aliowaita wachange karata walikuwa wamepangwa naye, wakamnyima nafasi. Alirudi Lausanne mwaka 1991, akawataka waamuzi wenyewe wazichange karata, akafanya yaleyale, na akashika nafasi ya kwanza. Hakubadilisha mchezo, alichokibadilisha ni mikono iliyochanga.

Kaka wa Grand Rapids

Niruhusuni niongeze kidogo kwa walioko upande huu wa bahari. Si lazima mtu aanze na kongamano la maelfu. Hapa Michigan kuna kijiji kiitwacho Colon, chenye wakazi kama 1,200 tu, ambacho kilianza mwaka 1934 kukusanya wanamazingaombwe, na siku hizi hufanya hivyo kila Agosti, kwa wito wa kiwanda cha vifaa vya mazingaombwe cha Abbott. Maonyesho ya jioni hufanyika kwenye ukumbi wa shule. Nilikwenda na wanangu wawili. Makaburini kwao wamezikwa wanamazingaombwe zaidi ya ishirini, akiwemo Harry Blackstone mkubwa aliyekipatia kijiji hicho umaarufu. Kwa udogo wake hakuna namna ya kujificha: asubuhi unakula chai meza moja na mtu uliyemwona jukwaani jana yake, na yeye ndiye anayekuuliza unafanya nini.

Mwana wa Ngamiani

Kaka, hilo la shule na chai ya asubuhi limenigusa, na kwa mtu mwenye haya nadhani ni mwanzo mwema kuliko wangu. Blackpool unaweza kukaa siku tatu bila kuzungumza na mtu yeyote. Nilimwona kijana mmoja aliyeshinda kwenye ngazi za Empress siku mbili akichanga karata peke yake kwa ufundi wa kutisha, na mpaka leo najilaumu kwamba sikumwendea.

Mtu wa Ilala

Swali la mwisho mkuu. Mtu akijaliwa kwenda Februari ijayo, abebe nini?

Mwana wa Ngamiani

Koti zito na kofia ya kufunika masikio, kwa sababu kutoka stesheni ya Blackpool North hadi Winter Gardens ni mwendo mfupi kwa miguu lakini upepo wa baharini hauna huruma. Treni kutoka Manchester hufika moja kwa moja. Ukitoka London mara nyingi hubadilisha Preston. Beba daftari. Kadiria fedha za wauzaji ukiwa nyumbani, uziweke kwenye bahasha, na zikiisha usiende mashine ya benki. Lala mchana, saa kumi hadi saa kumi na mbili hivi, maana usiku hutalala. Kwa ndugu zangu Waislamu, sebule zile za hoteli huuza pombe, lakini mimi nilikaa na chai hadi saa tisa za usiku na hakuna aliyeniuliza neno.

Karata chukua paketi mbili, mpya moja na iliyozoea mkono moja. Na andaa mchezo mmoja, mmoja tu, ambao unaweza kuufanya ukiwa umeketi, ukiwa umechoka, na mtu ameweka uso wake shubiri mbili kutoka mkononi mwako. Mimi nitakuwa na utepe uleule wa kanga. Tangu Februari huukunja mara ishirini kila usiku kabla ya kulala, kumi kweli na kumi kwa hila, na mke wangu hukaa nyuma yangu akitazama bega. Juma lililopita aliniambia hajui tena ni ipi ipi.